Nafasi Kwenye Mstari wa Tatu

Siku Babu Adzima alipotutoka ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa nimetoka kumwagilia vitunguu. Miguu ilikuwa bado na mchanga. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikafungua daftari, nikasema, "Babu, nimefika. Jana tuliishia mstari wa tatu."

Hakujibu. Alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, mdomo umeachama kidogo kama mtu anayekaribia kukumbuka neno. Mara nyingi alikaa hivyo. Mtunzi akitafuta neno humsemeshi, unangoja.

Nikangoja mpaka kivuli cha paa kikafika kwenye vidole vyangu vya miguu. Mkewe akatoka jikoni na sahani ya akple, ugali wetu wa mahindi. Akamtazama mumewe, akaiweka sahani chini taratibu, akaniambia, "Sefakor, funga daftari."

Waliosoma wiki iliyopita wanajua nilichofanya baada ya hapo. Kwa ambao hawakusoma nitarudia kwa ufupi, maana hata kuandika kunanichoma.

Kwa miaka kumi na moja nilimwandikia Babu Adzima nyimbo zake. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi wa kundi letu la ngoma za msiba, na hakujua kusoma. Kwetu mtunzi hutia jina lake ndani ya wimbo, kwenye mstari wa tatu, na waitikiaji hulirudia. Hata mtunzi akiwa amekufa miaka hamsini, ukiimba wimbo wake unalitaja jina lake. Ndiyo sheria, na watoto wanaijua kabla ya kujua kuhesabu.

Wimbo wa mwisho alinipa mistari miwili kamili. Wa tatu akanipa na pengo. "Acha nafasi hapo pa jina," akasema. "Kesho nitakwambia." Kesho yake ndiyo Jumanne ile.

Siku ya mazishi Bi Kunale, kiongozi wa waitikiaji, aliniuliza, "Babu hakuacha kitu?"

Nikasema, "Hakuacha kitu."

Miezi miwili baadaye, kwenye msiba wa watu wengine, niliuimba wimbo ule. Kwenye nafasi nikatia jina langu.

Hapo ndipo nilipoishia wiki iliyopita. Sasa nieleze yaliyonipata juma hili.

Yalianza kwa beseni.

Bi Kunale alikuwa ameazima kwangu beseni langu kubwa la kuoshea samaki. Miaka minne iliyopita. Nililidai mpaka nikachoka, ikawa mzaha kijijini kwamba beseni la Sefakor limeolewa kwa Kunale. Alhamisi asubuhi nikamwona anakuja nalo kichwani, limesuguliwa linang'aa, na ndani yake ameweka dagaa wakavu waliojaa hadi ukingoni.

"Shangazi," nikamwambia, "leo jua limechomoza upande gani?"

Hakucheka. Yeye, ambaye hucheka hata matangani.

"Chukua, mwanangu. Sitaki kubaki na kitu chako."

"Dagaa wote hawa nitawala na nani?"

"Kula tu. Kula unachotaka."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akanishika kiganja, akakipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapaswa mtoto mchanga, kisha akaondoka bila kuaga.

Nikakaa na beseni langu mapajani. Na hapo nikaanza kukumbuka.

Binamu yangu Kafui, ambaye hatukuwa tukisemeshana naye tangu ugomvi wa mpaka wa matuta ya vitunguu, alikuja Jumapili akapiga magoti mlangoni kwangu, akasema yaishe. Mwalimu mkuu alinirudishia kitabu nilichomwazimisha kabla hajaoa. Siku ya soko, mjini Keta, muuza nguo aliniwekea mkononi kipande cha kitambaa cheupe, akakataa pesa. "Utakihitaji, dada," akasema, nikadhani ananitongoza.

Na Doe, fundi seremala. Tulipishana njiani. Alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, polepole, kama mtu anayepima ubao.

Wema wa siku moja ni bahati. Wema wa kijiji kizima unatisha.

Nikaliweka beseni chini, nikamfuata Bi Kunale mbio. Nilimkuta uani kwake anapepeta mahindi.

"Shangazi, nina kosa gani?"

"Huna kosa."

"Mbona watu wananitendea kama mgonjwa?"

Ungo ukasimama. "Sefakor, usinifanye niseme. Aliyekwisha kuaga haulizwi habari za safari. Ni mwiko."

"Nani ameaga?"

Nikaona uso wake unabadilika, huruma inatoka, kitu kingine kinaingia.

"Imba wimbo wako," akasema.

"Sasa hivi?"

"Imba pole pole. Kama unanisomea."

Nikaimba. Kwa sauti ya chini, nimesimama kwenye makapi ya mahindi.

Mgeni amebisha, sikumsikia kwa kelele za mawimbi.
Ameketi kizingitini anachora mchanga kwa kidole.
Mimi Sefakor nasema: ngoja nifunge mlango, twende.

"Mgeni ni nani?" akauliza Bi Kunale.

"Ni... huzuni."

"Nani kakwambia?"

Nimesoma hadi kidato cha nne. Shuleni tulifundishwa kwamba maneno ya wimbo ni tamathali, na mwenye akili huzifumbua. Nilikuwa nimejifumbulia mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "mtunzi wa kundi hili hutunga nyimbo nyingi za watu wengine, na wimbo mmoja wa kwake mwenyewe. Huo mmoja haukosi mgeni, na haukosi mlango. Akiwa hai hatii jina. Anaacha nafasi. Akifa, anayemzika ndiye anayelitia jina lake, wimbo unaimbwa kaburini, yeye anakwenda. Jina linalotajwa pale ndilo linaloondoka."

Nikashika ukingo wa ungo wake.

"Sikuwahi kusikia jambo hilo."

"Ungelisikia wapi? Mtunzi aliyemtangulia Adzima alikufa wewe uko shule ya bweni. Sisi tulidhani Adzima alikufundisha. Ulikaa miguuni pake miaka kumi na moja. Uliposimama ukatoa wimbo wa mgeni, ukajitaja kwa kinywa chako mwenyewe, tena u mzima, tulisema: Sefakor ameonyeshwa. Ameitwa, na ameitika. Sasa mwaka wa Adzima unatimia, tukaona safari yako imekaribia."

"Nimeuimba mara kumi na nne, Shangazi."

"Kumi na tano. Ulisahau ule wa kule Dzita, mvua iliponyesha."

Na hapo nikaelewa jambo ambalo lilikuwa likinikera miezi yote hii. Kila nilipofika mstari wa tatu, waitikiaji wazee walifunga midomo. Vijana wakilirudia jina langu kwa nguvu, wale akina mama walitazama chini. Nilidhani ni wivu. Nilisema moyoni, vikongwe hawa hawapendi kusikia jina la mwanamke mwenzao.

Kumbe walikuwa wanakataa kunisukuma.

Nikakohoa. Kikohozi cha kawaida, vumbi la makapi. Bi Kunale akageuza uso.

Mdomo ulifunguka wenyewe: "Na kama wimbo si wangu?"

"Ni wa nani basi?"

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini niliiona siku ya mazishi, yeye akiniuliza Babu hakuacha kitu, mimi nikimjibu bila kupepesa. Kama wimbo ni wa Babu, basi Babu alizikwa bila wimbo wake, na aliyemnyima ni mimi. Mtu niliyemlilia mpaka sauti ikakauka.

"Usinitanie, mtoto," akasema Bi Kunale. "Jina lako limo. Mtu hatii jina lake kwenye kitu kisicho chake. Hata mwizi wa kuku haandiki jina kwenye manyoya."

Akaendelea kupepeta.

Nilirudi nyumbani, sikula dagaa wala akple. Nililala chali, nikasikiliza moyo wangu, na kila ulipokawia kupiga nilikaa kitako. Nilijiambia mimi ni mtu niliyesoma, kwamba maneno hayaui. Kisha nikainuka nikakitoa kile kitambaa cheupe chumbani, nikakiweka nje kwenye kamba.

Hapa nieleze kitu kimoja. Sijitetei. Nataka tu kikumbukwe.

Mume wangu Kosi alipofariki, mwaka wa tatu wa kazi yangu na Babu, nilikwenda kwake nikalia. Nikamwambia, "Babu, kitanda kimekuwa kama uwanja wa soko siku isiyo ya soko." Sikuwa natunga. Nilikuwa nasema nilivyoamka.

Siku ya tatu akaniita niandike: Mimi Adzima nasema, kitanda changu ni uwanja wa soko siku isiyo ya soko.

Niliandika. Mkono wangu mwenyewe uliandika. Wimbo ule ulivuka ziwa, ukaimbwa hadi Lome. Wanawake walikuwa wakimtania mkewe, "Bibi, kumbe kitandani kwake hupo?" Yeye akijibu, "Nipo, nimeinama natafuta chenji." Watu wakicheka. Nami nikicheka. Nikirudi kwangu nilikitazama kitanda changu, nikaona hata hicho nacho kimechukuliwa.

Sikumwambia Babu kitu. Kwa hiyo nilipokuta nafasi tupu kwenye mstari wa tatu nilisema, hii ni yangu. Amelipa.

Jumatatu nilikwenda kwa Agbozo, mkuu wa ngoma. Nilimkuta anakaza ngozi ya ngoma kubwa, vigingi viwili mdomoni. Nikamweleza yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli, na nilifunga macho nikiusema.

Nilipoyafungua alikuwa anaendelea kukaza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Ibaki hivyo." Akatoa vigingi mdomoni. "Sikiliza, Sefakor. Wimbo hauna baba. Nani alitunga neno mlango? Nani alitunga mawimbi? Adzima mwenyewe alikuwa anaokota kwa watu. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

"Kwa hiyo niendelee kujitaja?"

"Wimbo huu umetupeleka redioni. Tunaitwa misiba ambayo hata marehemu hatumjui. Ukisimama ukasema uliiba, watasema kundi zima ni la wezi. Nani atatuita tena?"

"Kaka Agbozo, watu wanasema nitakufa."

"Watu." Akapiga ngoma kwa kiganja kusikiliza. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi hufi. Hayo ni mambo ya wazee."

Nikapata nafuu kidogo. Mtu mzima, amesafiri, ana akili. Nilisimama kuondoka. Ndipo kutoka nyuma ya nyumba nikasikia sauti ya msichana anafanya mazoezi, tamu, changa. Mgeni amebisha, sikumsikia kwa kelele za mawimbi...

"Ni nani huyo?"

Agbozo alirudisha kigingi mdomoni. "Delali. Nimemfundisha mistari yako. Ya dharura tu."

"Dharura gani, kama sifi?"

Aliinamia ngozi yake akakaza upande ambao ulikuwa umekwisha kukazwa.

Nilikuwa bado kwenye lango lake nilipoona mwanamke amesimama njiani ananisubiri, nguo nyeusi, begi la safari begani. Nilimjua kabla hajageuka, kwa mabega. Mabega ya Babu.

Akorfa, binti yake. Anafanya kazi Accra. Alikuwa amekuja kwa sababu Jumamosi hii mwaka unatimia, mama yake anavua nguo nyeusi.

"Dada Sefakor," akasema, akanikumbatia. "Mama ananiambia wewe ndiye uliyekuwa na Baba mpaka mwisho."

"Nilikuwepo."

"Ahsante. Sikupata nafasi ya kukushukuru." Tukatembea. Alitembea taratibu kama baba yake. "Nimesikia wimbo wako redioni. Nilikuwa jikoni. Niliacha sufuria ikaungua."

Nikasema ahsante.

"Unajua kwa nini iliungua?"

"Hapana."

"Kwa sababu mistari miwili ya kwanza nilikuwa naijua."

Tulikuwa tumefika kwenye matuta ya vitunguu, mahali watu wawili hawawezi kupita sambamba. Yeye alikuwa mbele. Alisimama, nami nikalazimika kusimama.

Akatoa simu.

"Jumatatu ile, siku moja kabla, Baba alimwambia mama amrekodie kitu anitumie. Sauti yake anaimba. Mimi nilikuwa zamu, nikasema nitasikiliza nikirudi. Kesho yake mchana nikapigiwa simu." Akapangusa kioo cha simu kwa kidole. "Nilijaribu kuisikiliza mara moja. Nilifika mstari wa pili. Anachora mchanga kwa kidole. Hapo Baba anavuta pumzi. Nikazima. Mwaka mzima sijaweza kupita ile pumzi."

Nilitazama simu. Kitu kidogo, kioo kimepasuka pembeni. Babu yumo mle ndani, mzima, amevuta pumzi, hajaitoa.

"Akorfa. Niache nikueleze."

"Usinieleze."

"Kulikuwa na nafasi. Aliniambia niache nafasi."

"Nimesema usinieleze. Utalia, nitakuonea huruma, na Baba atabaki bila mtu." Hakupaza sauti. "Mama alikuwa ameshika simu siku ile. Anasema Baba hakuacha nafasi. Alitaja jina."

Nikamshika mkono.

"Jina la nani?"

"Hataki kuniambia. Anasema si kazi ya mjane kulitaja. Anasema anayelitaja ni Baba mwenyewe."

"Basi iwashe sasa. Tuko wawili tu. Tafadhali, mdogo wangu."

"Ulinyamaza mwaka mzima," akasema Akorfa. "Ngoja siku tano."

Akaitia simu begini, akapita.

Nilibaki pale kwenye matuta. Nilikuwa nafikiri vitu viwili, kimoja kikifukuza kingine.

Kama ametaja jina lake, basi alijua anakwenda, akajiaga mwenyewe, na mimi nimekaa mahali pake mara kumi na tano. Watajua watu wote wa kundi, na Bi Kunale, na mama yule aliyeweka sahani chini taratibu.

Kama ametaja langu, huenda ilikuwa shukrani. Huenda ilikuwa malipo ya kitanda, ya uwanja wa soko, na kila neno aliloliokota kwangu. Lakini mahali alipoliweka ni kwenye mlango, na mgeni amekaa kizingitini.

Miaka kumi na moja nilitamani Babu alitaje jina langu mbele za watu. Tangu Jumatatu naomba asiwe amelitaja.

Jana jioni Agbozo alituma ujumbe: mama wa Akorfa ameutaka wimbo wa mgeni uimbwe siku ya kuvua nguo nyeusi, na amemtaka mwimbaji yule yule. Delali asiimbe. Nilikwenda kwa mama yule kuomba aniondoe. Alikuwa anachambua mchele. Akaniambia, "Kaa, mwanangu," akanipa kigoda changu kile kile cha zamani, mahali pale pale, mbele ya ukuta ambao bado una alama ya mgongo wa mumewe.

"Mama," nikasema, "koo langu haliko sawa."

"Huhitaji koo," akasema. "Utaimba mistari miwili. Wa tatu utanyamaza, tumsikilize."

Leo ni Jumatano. Simu ya Akorfa iko kwenye kabati la mjane, imefungiwa, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la nguo yake. Ngoma inatoka Jumamosi saa nne asubuhi.